Faili Lililotoka kwa Jina Langu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Embu nimelowa mpaka soksi. Karani Mkuu wa masijala alinitazama kwa muda, akanitupia gazeti kuukuu nikanyagie, kisha akanipa kalamu nyekundu. "Wanja," akasema, "hii si ya kuandikia mchumba barua. Karatasi ikiingia hapa bila namba nyekundu, hiyo si karatasi, ni uvumi." Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikacheka. Yeye hakucheka.

Nawaandikia nyinyi mnaopekua dunia nzima kwa kidole gumba, kwa kuwa nasikia hamjui masijala ni nini. Masijala ni chumba ambamo ofisi huweka akili yake. Mkubwa anaweza kusahau, anaweza kuhamishwa, anaweza kufa, lakini masijala hubaki ikikumbuka kwa niaba yake. Chumba chetu kilikuwa kirefu na chembamba, chenye dirisha moja lililoelekea mlimani. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye kioo, na mimi, niliyeota macho wazi tangu darasa la kwanza, nilihisi kwamba mafaili yale yanapumua polepole rafuni. Nilipenda harufu ya mle ndani: vumbi, gundi, na moshi wa jikoni kwenye makoti ya wananchi walionyeshewa njiani.

Kila karatasi ilipewa namba yake kwenye pembe ya juu, kulia. Namba ile tuliiita foliyo. Mtu akichomoa foliyo ya tisa, ya nane na ya kumi zinamsema. Halafu kulikuwa na kadi. Faili likitoka rafuni, mahali pake panawekwa kadi ngumu ya kahawia yenye mistari mitatu: nani amelichukua, lini, na saini yake. Faili likirudi, kadi inafutwa kwa mstari mmoja. Ni kazi rahisi, mtoto anaweza kuifanya, na kwa karani aliyekaa siku nzima kati ya rafu zile, kadi zilikuwa kama watu waliosimama kwenye foleni wakimsubiri mwenzao arudi.

Wiki ya pili akaingia Naibu wa ofisi, mtu mrefu mwenye koti la mvua la kijivu, akataka faili. Nikampa faili, na kadi juu yake, na kalamu juu ya kadi.

"Msichana," akasema, "kwani mimi ni mwizi? Unataka nikuandikie risiti?"

Akaondoka na faili. Karani Mkuu akanivuta nyuma ya rafu. "Wewe kwenu hamkufunzwa? Mkubwa hawekewi kadi. Andika jina lako. Akimaliza si atarudisha?"

Sikuona ubaya wowote. Kwetu msichana hukua akijua kwamba kuna majina hayatoki mdomoni. Mama yangu aliishi boma moja na baba mkwe wake hadi mzee akafa, na hakuwahi kulitaja jina lake, hata siku alipoitwa kwa chifu kueleza nani alihamisha mpaka. Alinyoosha kidole tu. Kuandika jina la mkubwa kwenye kadi, tena kwa kalamu nyekundu, kulionekana kwangu ni utovu wa adabu uleule. Basi nikaandika: Wanja, masijala. Nikaandika hivyo maisha yangu yote ya kazi, na makarani wenzangu wote waliandika hivyo. Ungetembea kati ya rafu zetu ungedhani serikali nzima imekopwa na makarani.

Kutoka Embu nilihamishiwa Muthara. Ofisi ilikuwa chumba cha mbao, na mchana wanaume walisimama nje ya dirisha wakitafuna miraa na kuzungumza kwa sauti ya chini, mpaka nikasinzia nikiwa nimeshika kalamu. Afisa Msimamizi wa kule alikuwa mtu mpole aliyependa kunywa chai kwa sosa. Alinifundisha matumizi ya muhuri wa SIRI, ambao tuliupiga hata kwenye barua ya kuomba sabuni ya kuoshea sakafu. Alinifundisha pia jibu la pekee la kumpa mwananchi anayetaka kuona faili.

"Usimkatalie," alisema akipuliza chai. "Ukimkatalia atakasirika. Mwambie, njoo kesho."

"Na akija kesho, Afande?"

"Hawaji, Wanja. Mtu ana ng'ombe, ana shamba. Nani anakuja kesho?"

Alisema kweli. Hawakuja. Nimesema njoo kesho kwa wajane, kwa wazee wa kanisa, kwa mwalimu wangu mwenyewe wa zamani. Nililisema kwa upole, nikitabasamu, na nikirudi kwenye kiti changu niliwasahau kabla hawajafika barabarani. Leo naona aibu. Wakati ule niliona najua kazi.

Uhamisho wa tatu ulinipeleka Meru, katika ofisi kubwa ambayo haina haja ya kutajwa, kwa kuwa ofisi za aina ile zilifanana zote. Wakati huo nilikuwa nimeolewa huku Kanyakine, na kila asubuhi nilipanda mjini na sweta mbili. Mwaka wangu wa nne pale, aliletwa Mkuu mpya. Nani? Yule Naibu mrefu wa Embu. Nywele zilikuwa zimepata mvi lakini koti lilikuwa lilelile. Akaniona, akasema, "Wewe bado unadai watu risiti?" Tukacheka wote wawili. Nilimpenda, kusema kweli. Alikuwa mtu wa kuuliza watu wa nyumbani wameamkaje, na siku ya msiba wa baba yangu alikuja Embu akabeba jeneza.

Mimi husahau sura za watu, lakini faili na hali ya hewa ya siku lilipotoka sisahau upesi. Siku moja adhuhuri mvua ya mawe ilikuwa inapiga bati hata hatusikiani. Mkuu alishuka masijala mwenyewe, akaninyooshea kidole faili alilotaka. Lilikuwa la kamati ya wazee waliogawa mashamba upande wetu wa Imenti, zamani watu walipokusanyiwa vipande vyao vya ardhi na kupewa namba. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za mikutano ya wazee wale, na ramani iliyochorwa kwa mkono. Akalitia ndani ya koti, akafunga vifungo, akatoka nje kwenye mvua ile ya mawe. Nikaandika kadi: Wanja, masijala. Mwaka uliofuata alistaafu, na kadi ilikuwa bado imesimama mahali pake.

Miaka ikapita. Tukapata Katiba mpya, nayo katika kifungu cha thelathini na tano inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Baadaye sheria ikaja kueleza namna: unaandika barua, ofisi inakujibu kwa siku ishirini na moja, ikikataa unakwenda mbele. Sisi wa masijala tuliletewa nakala ya sheria hiyo. Nikaipa foliyo, nikaifunga kwa ule uzi wa kijani wenye vyuma viwili, nikairudisha rafuni.

Hapo ndipo alipokuja Mama Kinoti.

Alikuwa mwanamke mfupi wa ng'ambo ya pili ya mto unaopita kwetu Kanyakine, mkulima wa kahawa na ndizi, mjane, mwenye mfuko wa plastiki aliokunja mara tatu. Ndani ya mfuko mlikuwa na Biblia, na ndani ya Biblia barua. Kijijini kwao kuna chemchemi, kithima kama tunavyosema, ambapo watu walichota maji tangu babu zao. Jirani mmoja mwenye uwezo alikuwa ameizungushia nyaya, akaonyesha hati kwamba ni shamba lake. Mama Kinoti alikumbuka mume wake, aliyekuwa kijana kabisa katika kamati ile, akisema kwamba wazee walikitenga kithima na njia yake viwe vya watu wote, wakaandika na wakatia vidole. Alitaka kuona yale maandishi tu.

"Njoo kesho, mama," nikamwambia kwa upole.

Asubuhi yake nilipofungua mlango alikuwa amekaa kwenye ngazi. "Umesema kesho," akasema. "Si leo ndio kesho?"

Nikamwambia njoo kesho. Akaja. Siku tisa mfululizo alikuja, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu mpya kila siku, na kila siku alinisalimia kwa heshima bila kuinua sauti. Ya kumi nilijificha nyuma ya rafu kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi, mwanamke mzima, karani mwandamizi! Nilimsikia akimwambia mwenzangu, "Mwambie huyo madam nilikuja. Nimeacha barua. Nitahesabu hizo siku ishirini na moja."

Jibu la ofisi lilikuwa mstari mmoja: faili halionekani. Mama Kinoti akapata wakili, binti mdogo mwenye miwani, wakapeleka ombi mahakamani. Si kesi ya maji, mnielewe. Ilikuwa kesi ya kuomba kuona karatasi. Ofisi ilipaswa kujibu kwa hati ya kiapo, yaani maneno ya mtu yaliyoandikwa na kuapiwa kama ushahidi. Mkuu wa wakati huo, kijana aliyevaa tai nyembamba, akaniita juu. Hati ilikuwa tayari mezani, ikiwa na jina langu. Ilisema kwamba mimi, Wanja, nimetafuta kwa bidii zangu zote na faili halipo.

"Weka saini hapo, mama," akasema. "Wakili wa serikali anangoja."

"Lakini lipo, Mkuu. Najua nani alilichukua."

Akatoa kadi ya kahawia kutoka kwenye droo. Alikuwa amekwisha kushuka rafuni. "Hapa imeandikwa nani alichukua. Wanja, masijala. Ukiapa limepotea, limepotea, mambo yameisha. Ukisema lipo, basi wewe ndio uko nalo. Unabakisha mwaka na nusu uende nyumbani. Fikiria."

Nilimwomba anipe mpaka Jumatatu. Hata yeye hakuwa mtu mbaya. Alinirudishia kadi niende nayo nikaitazame vizuri.

Saa ya chakula nilikaa kwenye kiti changu kidogo kati ya rafu, mahali nilipozoea kusinzia. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha, vumbi likielea ndani yake. Sijui kama nililala. Nilimwona Karani Mkuu wa Embu, ambaye tulikuwa tumemzika kitambo, akitembea polepole na kalamu nyekundu sikioni, akisoma kadi moja baada ya nyingine kwa sauti. Wanja. Wanja. Wanja. Kila aliposoma, mtu mmoja alisimama kutoka sakafuni: wajane, wazee wa kanisa, mwalimu wangu, wote viatu vimejaa udongo. Hawakunilaumu. Walinitazama tu, wakiwa na subira, kama watu walioambiwa warudi na wamerudi. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama hadi rafu ya pili, na nilikuwa nalia.

Jumamosi nikaenda Embu. Mkuu wangu wa zamani anaishi juu kwenye majani chai, ambako ukungu haujui saa ya kuondoka. Nilimkuta kibarazani amejifunika blanketi, mikono inatetemeka, lakini akili timamu. Mke wake akanikaribisha uji. Tukaongea kuhusu mvua, tukaongea kuhusu baba yangu. Mwishowe nikasema, "Mkuu, nimekuja kwa sababu ya ile siku ya mawe."

Alivuta blanketi hadi kidevuni. Ng'ombe mmoja alikohoa ndani ya ukungu.

"Yule aliyeizungushia chemchemi nyaya ndiye aliyeniomba nilipoteze," akasema. "Alikuwa rafiki yangu. Nilishindwa kulichoma, Wanja. Mkono ulikataa. Halafu nikaogopa kulirudisha. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine. Nilifikiri nikilikalia tu, sijafanya kitu."

"Kuna mama anateka maji mtoni pale chini kwenye matope kwa sababu hiyo."

"Najua. Hata mimi huota hayo maji."

Alimwita mke wake, na mke wake akatoa sanduku la bati lililowekewa mbegu za maharagwe. Faili lilikuwa chini ya mbegu, kavu kabisa. Nikafungua. Foliyo zote zilikuwa pale kwa namba nyekundu, pamoja na ramani na alama za vidole vya wazee. Nikakaa chini palepale kwenye saruji.

Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimepata nilichotafuta. Lakini nikafungua mkoba, nikatoa kadi na kalamu nyekundu, nikampa mtu aliyebeba jeneza la baba yangu.

"Sasa andika jina lako, Mkuu."

Mke wake alinitazama kwa mshtuko. Yeye hakushtuka. Aliweka kadi kwenye goti, akakata jina langu kwa mstari mmoja kama tulivyofundishwa, akaandika lake, na tarehe ileile niliyokuwa nimeiandika, na saini. Ilimchukua muda mrefu kuliko uji kupoa. Aliponirudishia alisema, "Ulitaka nifanye hivi tangu wiki yako ya pili." Nililia, naye akalia, na sioni haya kuyaandika.

Jumatatu niliweka faili mezani kwa kijana wa tai nyembamba, na kadi juu yake. Alisoma kadi mara mbili. "Mama, unajua umefanya nini?"

"Nimerudisha faili."

Mahakamani wakili wa serikali alisema kwa sauti ndogo kwamba faili limeonekana. Jaji akauliza nani alikuwa nalo muda wote huo. Nikainuka. Nilimkumbuka mama yangu mbele ya chifu, kidole chake kikinyooka. Kisha nikasoma kadi kwa sauti, jina lote la mzee yule, la kwanza hadi la mwisho. Sitaliandika hapa, aliliandika mwenyewe na linatosha. Jaji akaagiza Mama Kinoti aonyeshwe faili na apewe nakala ya kila karatasi anayotaka.

Alionyeshwa faili mle masijala, kwenye meza yangu. Nilimfungulia foliyo ya kumi na saba. Hakusoma. Aliweka kidole gumba chake juu ya alama ya kidole cha mume wake, iliyobakia bluu kidogo, akakaa hivyo. Mimi nikajifanya napanga rafu.

Baadaye nilipewa barua ya onyo kwa kutoa faili bila kufuata utaratibu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetunza mafaili ya watumishi, niliipokea, nikaipa foliyo nyekundu, nikaifunga kwenye faili langu mwenyewe. Mwaka na nusu uliobaki niliutumia kuzunguka rafu nikisahihisha kadi. Nyingi sikuweza. Waliochukua walikuwa wamekufa, au nilikuwa nimesahau mvua ya siku hiyo, na pamoja nayo aliyechukua. Wakubwa walioishi walisaini, wengine kwa hasira, wengine wakicheka. Makarani vijana niliwafundisha jambo moja tu, kwamba anayechukua ndiye anayeandika, hata awe nani, na kwamba kalamu wampe kwa mikono miwili ikiwa heshima inawasumbua.

Sasa niko nyumbani, nina mihogo, kuku na ng'ombe, na mchana nikisinzia bado nasikia karatasi zikigeuzwa. Nakala zile Mama Kinoti alizipeleka kwenye kesi ya ardhi yenyewe, nayo ikaenda mwendo wake wa kobe. Nilikuwa nimestaafu tayari nilipokutana naye sokoni Kanyakine, akiwa na ndizi kichwani. Alisema nyaya zimetolewa wiki ile, njia iko wazi, wanawake wanafyeka majani. Nikamwambia ningependa kukiona kithima hicho siku moja.

Alinitazama, uso hauna hata tabasamu.

"Njoo kesho," akasema.

Nilirudi nyumbani polepole. Neno lile lilinifuata kwenye migomba, likanikalia kifuani nilipokamua ng'ombe, likawa bado lipo nilipoamka. Kulipopambazuka nilivaa viatu, nikavuka mto, nikapanda ule udongo mwekundu kwa mara ya kwanza maishani, na ulikuwa mlima hasa. Nilipumzika mara tatu, nikifikiria zile siku zake tisa. Ukungu ulipofunguka kidogo nilimwona ameketi kwenye jiwe kando ya maji, kikombe mkononi.

"Madam," akasema, "umekuja!"

"Si umesema kesho?"

Akainama, akachota, akanipa kikombe.